Kompresa Haikuwa Imekufa

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata, na wawili watatu wenu mmeniuliza iko wapi. Itakuja. Leo nina jambo jingine kabisa, halina hata mstari mmoja wa msimbo, ila kwa wiki nzima lilinishughulisha akili kuliko kazi yoyote niliyolipwa mwaka huu: kubadilisha mota ya feni ya nje ya kiyoyozi cha bibi yangu, Mombasa.

Kwanza mjue hali ya nyumbani. Bibi alianguka bafuni mwezi wa kumi na mbili akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi, lakini mtu wa miaka 81 haamki kitandani kwa siku mbili. Muuguzi anayekuja kumwangalia alitupa amri mbili: ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi yake isikae na jasho. Ngozi yenye unyevu inayolaliwa muda mrefu huchubuka upesi, na hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia. Sasa mwambie mtu asitoke jasho Mombasa mwezi wa tatu, kabla masika hayajashuka! Kipimajoto kinafika 33, na hewa imejaa unyevu hata jasho lenyewe halina pa kwenda. Feni ya darini inakuzungushia joto lile lile.

(Kidokezo kwa wapenda historia: mtambo wa Willis Carrier wa mwaka 1902, ule unaohesabiwa kuwa mwanzo wa viyoyozi vya kisasa, haukubuniwa kwa ajili ya binadamu. Ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa kwa unyevu na rangi zikawa hazikai mahali pake. Adui alikuwa unyevu hasa, sio joto. Ukikaa Mombasa unamwelewa mzee Carrier mara moja.)

Basi familia ilichanga, tukamnunulia bibi kiyoyozi cha mtumba cha BTU 12,000, kikafungwa chumbani kwake, kile kisanduku cha nje kikawekwa roshani. Kilifanya kazi miezi miwili. Halafu asubuhi moja ujumbe wa mjomba ukaingia kwenye kundi letu la WhatsApp: kiyoyozi kimekufa, fundi amekuja, amesema kompresa imekwisha. Kompresa mpya, gesi na ufundi, shilingi 42,000. Naomba kila mtu aseme anatoa ngapi kabla ya Ijumaa.

Tulikuwa tumeshachanga hospitali. Tulikuwa tumeshachanga kitanda cha kupandishwa. Kundi likanyamaza, ule unyamavu ambao kila mtu anasoma na hakuna anayeandika.

Nikampigia mjomba. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza swali moja tu: "Mjomba, kabla hakijafa, kilikuwa kinafanyaje?" Akanijibu kama mtu aliyechoka: "Kinaanza vizuri, baridi tamu kabisa. Dakika kumi hivi, upepo unakuwa moto, halafu kule nje kunanyamaza. Ukikiacha, baadaye kinaanza tena vile vile. Jana mchana kikanyamaza ndipo fundi akaja akakuta hakiwaki."

Nyinyi mnaoandika programu mtanielewa nikisema kwamba nilisimama hapo hapo jikoni, Nairobi, mwiko mkononi. Watumiaji wangu wengi huniandikia "haifanyi kazi" na basi. Mjomba alikuwa amenipa ripoti yenye mwanzo, kati na mwisho.

Nieleze kwa nini. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Chako cha BTU 12,000 kinachota chumbani joto la kama wati 3,500. Kompresa yenyewe inakula kama wati 1,100 za stima ili kuisukuma kazi hiyo, na hizo nazo zinageuka joto. Jumla yake, wati 4,600, yote lazima itupwe nje kupitia ile koili ya mapezi membamba iliyo nyuma ya kisanduku cha roshani. Wati 4,600 ni kama pasi nne za umeme zimewashwa pamoja. Na kinachoziondoa pasi hizo nne ni feni ya plastiki inayozungushwa na mota ya wati 30. Balbu za zamani zilikula mara mbili ya hiyo.

Feni ikisimama, joto halitoki. Shinikizo la gesi ndani ya koili linapanda, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, inavuta stima zaidi, inachemka, mpaka kinga ya joto iliyo ndani yake inakata yenyewe. Ikipoa, kinga inarudi, mzunguko unaanza upya. Dakika kumi za baridi tamu, kisha moto, kisha kimya. Soma tena maneno ya mjomba.

Na kompresa iliyokufa haikupi dakika kumi za baridi. Wala gesi iliyoisha haikupi. Gesi ya kiyoyozi, nikiwa hapo hapo, hailiwi kama petroli. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na ikiwa imepungua kuna mahali inavuja. Ukiambiwa "tuongeze gesi" bila kuonyeshwa inapovujia, uliza maswali.

Niliandika kwenye kundi: "Naomba tusitoe pesa bado. Ninakuja Jumamosi."

Jibu la mjomba lilikuja kwa sauti, nikalisikiliza mara mbili. "Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Hii ni mashine. Fundi amepima kwa mita yake mbele yangu."

Hapo ndipo palikuwa pagumu, kuliko skrubu zozote zilizofuata. Fundi yule ni mtu wa mjomba, wanajuana miaka, wanasali msikiti mmoja. Mimi ni kijana wa Nairobi ninayeshuka na treni mara tatu kwa mwaka. Nikisema fundi amekosea, ninasema mjomba amemleta nyumbani kwa mamake mtu asiyejua kazi. Na mjomba ndiye anayemgeuza bibi usiku kila saa mbili. Sio mimi. Mimi huwa nimelala.

Nikapanda treni ya asubuhi, nikashuka Miritini, matatu mpaka mjini. Nilimkuta bibi amelala ubavu, kanga imelowa mgongoni, mtoto wa shangazi anampepea kwa kipepeo cha ukindu. Akanishika mkono. "Umekuja na baridi ya huko kwenu?" Chini ya kiuno palikuwa na doa jekundu ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Ukilibonyeza halibadiliki rangi. Muuguzi alikuwa amelionya siku mbili kabla: hilo ndilo linalotangulia kidonda.

Sikunywa hata maji, nilikwenda roshani.

Kisanduku kilikuwa kimepoa. Nilimwomba mjomba awashe kwa rimoti akiwa ndani. Kompresa ikaanza kunguruma, bomba dogo likaanza kutoa umande. Feni haikuzunguka. Ilitoa mvumo mdogo, ule wa mota inayopewa stima lakini haiendi. Nikapenyeza kijiti kirefu kwenye wavu nikaisukuma pezi moja. Ikazunguka nusu duara kwa uzito, ikasimama.

Hapa msomaji mzoefu atasema: kapasita! Ni kweli, mota hizi haziwezi kuanza bila kapasita ndogo inayoipa waya ya pili msukumo, na kapasita ikifa utasikia mvumo huo huo. Lakini mota yenye kapasita mbovu huzunguka laini ukiisukuma kwa mkono, na mara nyingi ikishasukumwa huendelea yenyewe. Hii ilikuwa nzito kama mlango wa kutu.

Dakika ya tisa kompresa ikakata. Mjomba akatoka ndani. "Umeona? Imekufa."

"Mjomba, fundi alikuja saa ngapi siku ile?"

"Baada ya adhuhuri. Ilikuwa imenyamaza sasa hivi tu."

Jua la adhuhuri linapiga roshani ile moja kwa moja. Nilikuwa nimebeba maltimita yangu (mnaijua, ile ya manjano niliyoandika habari zake mwaka juzi). Nikazima swichi ya kiyoyozi ukutani, nikazima na ya kwenye boksi kuu, nikafungua kifuniko cha pembeni, nikatoa chaji ya kapasita. Tafadhali usiruke hatua hii. Kapasita ya kompresa hii ni maikrofaradi 35, na kilele cha stima yetu ya volti 240 ni karibu volti 340, kwa hiyo inaweza kuhifadhi kama juli mbili. Zinatosha kukutupa kutoka ngazini. Mimi hutumia rezista ya omu 20,000 iliyofungwa waya mbili, ninaishikilia kwa koleo zenye mpira sekunde kumi, kisha ninapima volti kuhakikisha.

Kompresa ya namna hii ina ncha tatu za stima: ya pamoja, ya kazi na ya kuwashia. Nikapima mbele ya mjomba, ikiwa bado inachoma mkono. Ya pamoja na ya kazi: hakuna njia. Ya pamoja na ya kuwashia: hakuna njia. Mjomba akatikisa kichwa, maana hizo ndizo namba alizoonyeshwa na fundi. Namba zile zilikuwa za kweli! Fundi hakudanganya. Nikapima jozi ya tatu, ya kazi na ya kuwashia: omu 5.6.

Jozi hii ya tatu ndiyo habari yenyewe. Kinga ya joto imekaa ndani ya kompresa kwenye njia ya ncha ya pamoja. Ikikata, vipimo viwili vinavyopitia ncha ya pamoja vinapotea, lakini waya zenyewe zilizosukwa ndani bado zimeungana, na kipimo cha tatu kinabaki. Kompresa iliyochomeka kwa bahati mbaya tu ingeonyesha picha hiyo. Iliyochemka inaonyesha picha hiyo kila mara. Njia ya kuzitofautisha ni kungoja ipoe, na inaweza kuchukua saa moja na zaidi kwa sababu ni donge la chuma lililojaa mafuta moto.

Sikusema "fundi wako hakungoja". Nilisema, "Mjomba, tunywe kahawa, halafu unipimie wewe."

Tulikunywa kahawa tungu na kaimati, tukaongea habari za mpira. Baada ya saa moja na robo nikampa mjomba zile sindano mbili za mita. Alipima mwenyewe: omu 2.2, omu 3.4, na ile ya tatu 5.6. Akazirudia. Ukijumlisha mbili ndogo unapata ile kubwa, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Hakusema kitu. Aliangalia mita, akaangalia kompresa, akasema, "Sasa feni."

Lakini ilikuwa magharibi ya Jumamosi, maduka ya vipuri yamefungwa mpaka Jumatatu, na bibi alikuwa na doa lile. Hapa ndipo lilipokuja wazo ninalojivunia kuliko mengine yote, na ni la kijinga kabisa: kazi ya mota ile ni kupitisha hewa kwenye koili. Basi tupitishe hewa kwenye koili kwa kitu kingine. Koili ya nje imepinda kama herufi L, imefunika mgongo wa kisanduku na ubavu mmoja. Mgongo umekaribiana na ukuta, lakini ubavu ulikuwa wazi. Tulichukua feni ya kusimama kutoka sebuleni, tukaivuta roshani, tukaielekeza kwenye ubavu ule kwa kasi ya juu kabisa. Nikaichomoa waya ya mota mbovu ili isiendelee kuungua bure, tukawasha.

Dakika ya tisa ilipita. Ya kumi na tano. Ya thelathini. Nilikuwa nimeazima mita ya koleo kwa rafiki niliyesoma naye chuo, yeye alichukua uhandisi wa umeme. Bila feni yoyote, kompresa ilianza na ampea 4.7 ikapanda hadi 7.9 kabla ya kukata. Na feni ya sebuleni ilitulia kwenye 5.4 ikakaa hapo hapo. Kompresa "iliyokufa" ilikuwa inafanya kazi kwa saa mbili mfululizo.

Mnajua katika kazi yetu hili linaitwaje. Kabla hujabadilisha kitu cha elfu arobaini na mbili, weka kitu bandia mahali pa kile unachokishuku, uone kama dalili inaondoka. Dhana yangu ilikuwa imepita mtihani bila kununua hata skrubu.

Feni ya sebuleni haikutengenezwa kukaa nje, na sikutaka tuiache peke yake, mvua ikishuka ni hatari. Mjomba akasema atalala roshani ailinde. Nikamwambia tupokezane. Akakataa, akatandika mkeka, akajifunika shuka mpaka kichwani kwa sababu ya mbu. Usiku ule nilimgeuza bibi mimi. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Mgongo wake ulikuwa mkavu.

Jumatatu nikaingia mitaa ya karibu na Mwembe Tayari nikiwa na picha za kibati cha mota ile kwenye simu. Nitawapa yale ya kulinganisha, kwa sababu muuzaji atakuambia "hii ni ile ile" kwa sababu tu imefanana umbo. Volti. Wati. Idadi ya ncha za sumaku (kwenye kibati yangu iliandikwa 6P). Unene wa shafti, yangu milimita 8, na urefu wake. Upande inaozungukia. Kapasita inayotaka, yangu 2.5. Na hezi!

Hezi ndizo zilizoniokoa duka la kwanza. Jamaa alinipa mota safi, nzuri, bei ya chini kuliko zote, imetoka kwenye viyoyozi vya mtumba vya Saudia. Mombasa vitu vya mtumba kutoka Ghuba ni vingi, na watu hudhani Ghuba yote ni sawa. Dubai na Omani wana hezi 50 kama sisi. Saudia wana 60. Kasi ya mota hizi inafuata hezi: zidisha hezi mara 120, gawanya kwa idadi ya ncha. Ya ncha 6 kwa hezi 50 inafuata mzunguko wa 1,000 kwa dakika (yenyewe huzunguka chini kidogo ya hapo), kwa hezi 60 inafuata 1,200. Ukiileta ya 60 kwenye stima yetu itazunguka, naam, lakini haitafikia kasi iliyopangiwa, na kwa volti zile zile waya zake zitavuta stima zaidi na kuchemka. Itakwenda mwezi, miwili. Kibati kilisema 60Hz kwa herufi ndogo sana. Nilimshukuru nikatoka.

Duka la tatu lilikuwa nayo: volti 220 hadi 240, hezi 50, 6P, wati 30, shafti milimita 8. Shilingi 4,800. Nikachukua na kapasita mpya ya 2.5 kwa 350. Ile ya zamani niliipima ikasoma 2.43, bado nzima, ila kwa bei hiyo sioni sababu ya kumpa mota mpya mwenzake mzee.

Kufunga kwenyewe nitapita haraka, isipokuwa mahali pawili. Swichi zote zimezimwa, chaji imetolewa, picha za kila waya zimepigwa. Kifuniko cha juu, kisha uso wenye wavu, skrubu nane ambazo tatu zilikuwa zimekuwa kitu kimoja na bati kwa kutu. Hapo unafika kwenye nati inayoshikilia feni.

Mahali pa kwanza: nati hiyo. Kwenye viyoyozi vingi ina meno ya kinyume, inafunguka kwa upande ambao nati za kawaida hufungwa, ili feni ikizunguka isijifungue. Ukilazimisha upande uliozoea unaikaza zaidi, na shafti ya milimita 8 inakatika. Angalia kwanza plastiki ya feni, kwangu kulikuwa na mshale umechongwa. Nati ilitoka. Feni yenyewe ikagoma, kutu imeigandisha kwenye shafti. Usiivute kwa kushika mapezi, yatavunjika, na feni ya saizi yako haipatikani kirahisi kama mota. Tulimwagia mafuta ya kulainisha kutu, tukaiacha mpaka baada ya alasiri, kisha mjomba akaja na kivutio cha beringi alichoazima gereji ya jirani, akaizungusha taratibu taratibu kama anayefungua chupa ya dawa. Ikatoka na sauti kama ya kuvunja nazi. Sote wawili tulifikiri imepasuka. Haikupasuka.

Mahali pa pili: rangi za waya. Mota mpya ilikuwa na waya tatu za rangi nyingine kabisa na haikuja na mchoro. Hakuna haja ya kubahatisha. Pima jozi zote tatu. Nilipata 183, 215 na 398. Jozi yenye omu nyingi kuliko zote, hizo ni za kazi na za kuwashia. Waya iliyobaki nje ya jozi hiyo ndiyo ya pamoja. Kati ya zile mbili, inayosoma omu chache na ya pamoja kwa kawaida ndiyo ya kazi. Kapasita inakaa kati ya hizo mbili. Kabla ya kurudisha feni nilibandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye shafti tupu, nikawasha sekunde mbili tuone inaelekea wapi. Ilifuata mshale.

Ukiirudisha, hakikisha kitundu cha kutolea maji kwenye mwili wa mota kinaangalia chini, na waya ishuke kidogo chini ya mota kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya kuingia ndani.

Tuliwasha saa moja usiku. Upepo ukatoka mbele, moto, ule moto mtamu wa pasi nne. Ampea 4.6. Chumbani hewa iliyoingia kwenye mashine ilikuwa nyuzi 29, iliyotoka 17. Baada ya nusu saa bibi akaita, tukakimbia sote, kumbe anataka kanga ya pili. Siku ya nne muuguzi alipobonyeza lile doa liligeuka jeupe kisha likarudi rangi. Akasema hiyo ndiyo alama aliyokuwa anaitafuta.

Kabla sijarudi Nairobi, yule fundi alikuja. Mjomba ndiye aliyemwita, hakuniambia. Aliketi roshani, akaangalia, mjomba akamweleza habari ya omu 5.6 kama aliyeisomea. Fundi hakubisha. Aliuliza ni muda gani tulingoja, akatoa kijidaftari mfukoni akaandika. Kisha akatuonyesha kitu ambacho mimi sikukiona: ukuta wa nyuma uko karibu mno, hewa ya moto inarudi, tukisogeze kisanduku mbele kwa kiganja kimoja. Aliniuliza pia kama tumeosha koili chumvi. Akaleta mwenyewe maji ya bomba na brashi laini, akaiosha, mapezi yakatoa maji ya rangi ya chai. Hakutaka pesa. Tulisogeza kisanduku siku hiyo hiyo, ampea zikashuka hadi 4.4.

Wanaouliza kuhusu viyoyozi vya inveta: huko mota ya feni mara nyingi ni ya waya tano, inakula volti kama 310 za moja kwa moja kutoka kwenye bodi, na waya moja inarudisha habari za kasi. Usichomoe plagi yake stima ikiwa imewaka, unaweza kuua mota na bodi kwa pamoja. Vipimo vya omu nilivyoeleza hapo juu havitumiki kwake.

Mota ya zamani nilikuja nayo Nairobi. Juzi niliikata kwa msumeno. Waya za shaba ndani ni nzima, zinang'aa. Kitundu cha maji kilikuwa kimezibwa na donge la chumvi na vumbi, maji yakajaa ndani bila pa kutokea, na beringi ya nyuma haikuwa na grisi hata chembe, vigololi vyake vimekuwa kahawia na viwili havizunguki kabisa. Ni beringi ya 608, ile ile inayotumika kwenye viatu vya magurudumu vya watoto. Nimeiweka mezani karibu na kibodi.